Nusu ya Waraka: Taasisi za Utafiti na Sera ya Nje ya Ulaya

Oktoba 2015, boti za mpira zikiwa zinavuka usiku na mchana kutoka pwani ya Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos, taasisi ndogo ya utafiti yenye makao yake Berlin, European Stability Initiative (ESI), ilitoa waraka wa kurasa chache na kuuita Mpango wa Merkel, kwa jina la kansela wa Ujerumani wa wakati huo. Nyuma yake alikuwapo Gerald Knaus, mwanasosholojia wa Austria aliyewahi kuishi Istanbul. Waraka ulitaka mambo mawili yaende pamoja. Ujerumani iwachukue Wasyria 500,000 moja kwa moja kutoka Uturuki ndani ya miezi 12, kwa utaratibu na bila kuwalipa wasafirishaji haramu. Uturuki nayo ikubali kumrudisha kwake kila atakayefika visiwa vya Ugiriki kwa boti baada ya tarehe itakayopangwa. Tarehe 18 Machi 2016 lilitoka tamko la pamoja la Umoja wa Ulaya na Uturuki, na aliyekuwa ameusoma waraka wa Oktoba hakupata shida kuutambua ndani yake.

Kisa hiki husimuliwa kwa furaha na makundi mawili yasiyopatana. Wanaozishuku taasisi hizi huona ndani yake ushahidi kwamba sera ya nje ya Ulaya inaandikwa na watu ambao hakuna mwananchi aliyewapigia kura. Wenye taasisi nao hukitaja kwa wafadhili wao: tazameni, waraka mmoja umebadili historia. Naona wote wanazipa taasisi hizi nguvu ambazo hazina. Ukifuatilia kilichotokea kati ya Oktoba na Machi, na hasa baada ya Machi, unakutana na serikali zilizochukua sehemu iliyozifaa na kuiacha nyingine mezani.

Wenye shaka lakini hawazungumzi hewani. Desemba 2016 gazeti la The Guardian liliripoti, kwa kutegemea nyaraka zilizovuja, kwamba IISS ya London, taasisi ya utafiti wa masuala ya usalama, ilikuwa imepokea pauni milioni 25 kutoka kwa watawala wa Bahrain katika muda wa miaka mitano. IISS ndiyo huandaa kila mwaka mkutano mkubwa wa usalama wa Ghuba mjini Manama. Uchambuzi wake unaweza kuwa safi kabisa, lakini msomaji alistahili kujua nani analipia ukumbi. Kuna pia suala la watu kuhamahama. Nathalie Tocci, wa taasisi ya IAI ya Roma iliyoanzishwa na Altiero Spinelli mwaka 1965, alikuwa mshauri wa Federica Mogherini, mkuu wa sera ya nje ya Umoja wa Ulaya wakati huo, na ndiye aliyeshika kalamu ya Mkakati wa Kimataifa wa Umoja wa Ulaya uliotolewa tarehe 28 Juni 2016, siku tano tu baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa. Mwaka 2020 aliingia kwenye bodi ya Eni, kampuni kubwa ya mafuta na gesi ya Italia. Halikuwa kosa kisheria, na yeye ni msomi anayeheshimika. Lakini mtu wa kawaida wa Napoli au Palermo akiuliza ni nani hasa aliyeketi kwenye kiti kile, mtafiti, mshauri wa serikali au mjumbe wa bodi, swali lake lina haki ya kujibiwa.

Ongeza na mazingira ya Brussels yenyewe. Asubuhi kuna kahawa na mjadala, mchana kuna mjadala mwingine na sandwichi, na nyuso ni zilezile: afisa wa Tume ya Umoja wa Ulaya, mbunge au msaidizi wake, mwanadiplomasia wa ubalozi fulani, mtu wa kampuni, watafiti watatu. Daftari la uwazi la Umoja wa Ulaya, lililoanzishwa 2011, lina zaidi ya majina 12,000 ya wanaotaka kusikika mjini humo, na taasisi za utafiti zimo humo pamoja na makampuni na vyama vya biashara. Huwezi kumlaumu anayeona kwamba mpaka kati ya utafiti na ushawishi hapo umefutika.

Sasa turudi kwenye waraka wa Knaus, kwa sababu hapo ndipo lawama na sifa zote mbili zinapoanza kuyumba.

Kwa miezi kadhaa mpango ule haukuwa na mwenyewe. Januari 2016 ulibebwa na Diederik Samsom, kiongozi wa chama cha Labour cha Uholanzi, nchi iliyokuwa zamu ya urais wa Baraza la Umoja wa Ulaya. Kisha ukaja usiku wa tarehe 6 Machi, pale Angela Merkel na waziri mkuu wa Uholanzi, Mark Rutte, walipoketi na waziri mkuu wa Uturuki, Ahmet Davutoğlu, katika ofisi za ubalozi wa Uturuki mjini Brussels hadi saa za usiku mkubwa. Viongozi wengine wa Ulaya walikuta mapendekezo yameshapikwa walipofika mkutanoni asubuhi. Hapo hapakuwa na mtafiti. Palikuwa na wanasiasa watatu waliohitaji kutoka na kitu, na maandishi yaliyokuwa tayari. Nguvu ya taasisi ya utafiti ipo zaidi hapo: kuwa na maandishi yaliyokamilika siku ambayo waziri hana muda wa kufikiri. Ni nguvu kweli, lakini huisha mara tu karatasi inapopokewa.

Maana tazama kilichobaki. Wasyria 500,000 wa Oktoba waligeuka, katika tamko la Machi, kuwa mpango wa mmoja kwa mmoja: kwa kila Msyria atakayerudishwa kutoka visiwani, mwingine atachukuliwa kutoka Uturuki, na mwisho wa hesabu ni 72,000. Miaka mitano baadaye waliokuwa wamechukuliwa kwa mpango huo hawakuzidi 30,000. Uturuki iliahidiwa euro bilioni 3 na kisha bilioni 3 nyingine. Sehemu ya kuzuia ikapata fedha na askari, na ile ya kupokea ikaachiwa huruma ya kila nchi.

Na takwimu? Hizi ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa sababu kila upande huzisoma utakavyo. Mwaka 2015 walifika Ugiriki kwa bahari watu wapatao 856,000. Mwaka 2016 wakawa 173,000 hivi, na 2017 hawakufika 30,000. Ukiishia hapo unaona mteremko wa taratibu. Ukiifungua hiyo 2016 unakuta kitu kingine: takriban 151,000 kati yao walifika katika miezi mitatu ya mwanzo, na miezi tisa yote iliyofuata ilileta kama 22,000 tu. Bomba lilifungwa katika wiki chache.

Nani alilifunga? Wapo wasemao ni Makedonia, iliyofunga mpaka wake na Ugiriki mapema Machi na kuwakwamisha maelfu kwenye matope ya Idomeni, kijiji cha Ugiriki kilicho mpakani. Hoja hiyo ina uzito, kwani waliofika Februari walikuwa 57,000 na Machi 27,000, na tamko lilitoka Machi ikiwa imebaki chini ya nusu. Watetezi wa tamko hujibu kwamba kufunga Idomeni kungewakwamisha watu ndani ya Ugiriki bila kuwazuia kupanda boti Uturuki. Mimi naelekea upande wa hao wa pili, ila kwa sababu tofauti na yao. Waliorudishwa Uturuki chini ya tamko, katika miaka minne ya kwanza, ni zaidi kidogo ya 2,100. Idadi hiyo haimtishi mtu yeyote. Kilichozuia boti ni polisi wa Uturuki ufukweni, pamoja na habari zilizosambaa kwamba ukifika kisiwani utabaki kisiwani. Yaani kilichofanya kazi hakikuwa kile ambacho waraka ulikisifia.

Wasiozama wahesabiwe pia. Mwaka 2015 walikufa katika bahari ya upande ule watu wapatao 800, mwaka 2016 zaidi ya 400, na 2017 kama 60. Anayelaani tamko lile bila kuitaja hesabu hii anaficha jambo kubwa. Na anayelisifu bila kutaja Moria anaficha jingine: kambi ya Lesbos iliyojengwa kwa watu wasiofika 3,000, ikawa na karibu 20,000 mwanzoni mwa 2020, foleni ya chakula ikianza kabla ya alfajiri, mpaka ilipoungua Septemba mwaka huo. Wazo la ESI lilisimama juu ya maamuzi ya hifadhi ya haraka na yenye haki visiwani. Knaus alipiga kelele kuhusu hali ya visiwa kwa miaka. Hakusikilizwa, ingawa ni yuleyule aliyedaiwa kuiongoza Ulaya kwa kalamu yake.

Mfano wa pili uko Warsaw, nao naupenda kwa sababu mtafiti alikuwa sahihi na bado hakufua dafu. Taasisi ya OSW, inayoishi kwa bajeti ya serikali ya Poland tangu 1990, iliandika miaka na miaka kwamba mabomba ya Nord Stream, ya kupeleka gesi ya Urusi hadi Ujerumani kupitia chini ya bahari, yana lengo la kisiasa na yatamwacha Ukraine bila kinga. Berlin ikajibu kwamba ni mradi wa kibiashara, na Merkel alikubali hadharani kwamba una upande wa kisiasa mwaka 2018 tu. Vuli ya 2015, Crimea ikiwa imeshanyakuliwa, Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilikabidhiwa hata ghala la gesi la Rehden, kubwa kuliko yote Ujerumani. Mwaka 2021 Urusi ilikuwa ikiipatia Ujerumani takriban asilimia 55 ya gesi yake, na vuli ya mwaka huo Rehden lilikuwa karibu tupu. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, tukafika tulipofika. Ripoti zilikuwapo, zimechapishwa, zimetafsiriwa. Berlin ilidhani Wapolandi wanaongozwa na hofu yao ya zamani. Kama taasisi zingekuwa na nguvu wanazosingiziwa, bomba la pili lisingejengwa.

Ndiyo maana siridhiki na dawa inayopendekezwa kila kashfa inapozuka, ya kuzifungia milango. Ukiondoa watafiti chumbani, waziri habaki peke yake na dhamiri yake. Anabaki na kampuni ya gesi. Kinachodaiwa kiwe kidogo na kikali: kila taasisi itangaze nani amelipa na kiasi gani, na iseme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti inayomhusu mlipaji. Bruegel ya Brussels, taasisi ya utafiti wa uchumi, huchapisha orodha ya serikali na makampuni yanayoichangia. SWP ya Berlin, taasisi ya utafiti wa siasa za kimataifa, inajulikana kwamba inalishwa na bajeti ya ofisi ya kansela, na kila anayeisoma anaweza kulipima hilo. Fedha za serikali si safi kuliko nyingine, ila zinaonekana.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili tulikwisha kuliona, tena tukiwa meza ya upande wa pili. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikamilishwa kujadiliwa Oktoba 2014, na ulitaka asilimia 82.6 ya bidhaa za Ulaya ziingie bila ushuru hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Ulaya ilikuwa na taasisi kama ECDPM ya Maastricht, iliyoufuatilia mjadala huu tangu mwanzo. Sisi tulikuwa na South Centre ya Geneva, taasisi ya nchi zinazoendelea, ambayo Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza na Benjamin Mkapa akaja kuiongoza baadaye. Julai 2016 Mkapa aliandika magazetini kuupinga mkataba, mwezi uleule serikali ya Tanzania ikakataa kusaini, na Novemba Bunge likaazimia usiridhiwe. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba.

Ni rahisi kusema Mkapa ndiye aliyeishawishi Dodoma. Lakini Kenya ilikuwa na uchambuzi uleule wa South Centre mezani. Ilichokuwa nacho zaidi ni maua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba 2014, kwa kuwa si miongoni mwa nchi maskini zaidi duniani, Kenya ilitozwa ushuru katika soko la Ulaya, na wakulima wa Naivasha walihisi kila shehena ya waridi ikipungua faida. Tanzania, ikiwa kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, iliingiza bidhaa zake bila ushuru wakati wote huo na haikuwa na la kupoteza kwa kukataa. Kila mji mkuu uliuchukua utafiti uliolingana na hesabu yake. Nairobi ilisubiri majirani mpaka ikachoka, ikasaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 1, 2024.