Ndani Kumejaa

Ninaandika haya hasira ikiwa bado mbichi na miguu ikiniuma kwa kusimama, kwa sababu jana nilikwenda kumpokea shemeji katika uwanja mmoja wa ndege ambao, kwa ajili ya amani ya ukoo, sitautaja. Foleni ya kutoka Sakina, hapa Arusha, mnaijua, na bei ya maji ya chupa viwanjani mnaijua pia.

Nilikuwa nimevaa koti, maana shemeji hapokewi kwa fulana. Mlangoni kijana wa ulinzi akaniamkia vizuri, kisha akanyoosha mkono kunizuia.

"Mzee wangu, ndani kumejaa."

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuongoza kamati ya harusi, kumejaa nani. Akanieleza bila haraka kwamba wanaosafiri wamekaa kwenye nafasi ya wanaofika, kwa kuwa ndege ya kuwachukua haijapata pa kuegesha. Pa kuegesha pana ndege iliyoleta watu, nayo haiondoki kwa sababu mizigo yake haijashushwa. Mizigo haishushwi kwa kuwa mkanda, ambao ni mmoja, umejaa mabegi ya ndege iliyotangulia. Na wenye mabegi hayo hawawezi kuyafikia, kwa sababu njia imezibwa na wale wanaosafiri.

"Kwa hiyo akisogea mmoja tu, mambo yote yanakwenda?"

"Kabisa, mzee."

"Basi msogezeni huyo mmoja."

"Tumewaomba. Kila mtu anasema aanze mwenzake."

Kupitia kioo nikamwona shemeji, amebanwa kati ya wazungu wawili wenye kofia za safari, akinipungia mkono kama mtu anayeaga. Hapo ndipo nilipovua koti.

Pembeni yangu alikuwapo bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, akanituliza kwamba mipango ipo: upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina uko hatua za mwisho, na fedha ziko mbioni. Nikamjibu kwamba wageni hawasubiri upembuzi. Kila Julai na Agosti wanataka kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara, kesho yake wanataka ufuo wa Zanzibar, na wote wanataka kwa pamoja. Mwaka 2027 kuna AFCON, na Arusha imepangiwa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000. Je, hao watashuka kwa miavuli? Bwana yule akasema hoja yangu imepokelewa.

Jioni nikampigia mpwa wangu aliyeko London, nikitarajia kusikia jinsi wenzetu wanavyopanga mambo. Masikini! Akaniambia kwamba Waingereza waliunda tume ya kutafuta mahali pa uwanja wa tatu wa ndege wa London mwaka 1968, Tume ya Roskill, ikatoa ripoti mwaka 1971. Serikali ikachagua mahali pengine kabisa, na mwaka 1974 ikaachana napo pia. Mwaka huohuo wa 1971, huku kwetu, katikati ya Arusha na Moshi, KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ilikuwa imeshajengwa na kufunguliwa, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6! Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, inahangaika na njia mbili tu. Mwaka 2012 ikaundwa tume nyingine, ikatoa ripoti yake mwaka 2015, wabunge 415 wakaunga mkono njia ya tatu mwaka 2018, kisha kesi zikaingia mahakamani hadi mwisho wa 2020. Sikufarijika hata kidogo. Kama wenye fedha wanakaa vikaoni nusu karne, sisi tunaosubiri fedha zilizo mbioni tutakaa hadi lini?

Tulipofanikiwa kutoka na shemeji, kijana wa maegesho akadai nyongeza, kwa kuwa muda niliolipia ulikuwa umepita. Nikamweleza kwamba aliyepitisha muda si mimi, ni mkanda wa mizigo. Akasema anaelewa sana, lakini mashine haina sehemu ya kuandika mkanda. Nikalipa. Nikaomba risiti. Karatasi ilikuwa imeisha, na karatasi nyingine, akasema, imeshaagizwa.