Mpango wa hewa ukaa wa chuo uanze jikoni, si juu ya paa

Kila chuo kikuu sasa kinataka kuwa na mpango wa kufikia sifuri ya hewa ukaa, na mipango inayozunguka hapa Lubumbashi inafanana jalada: paneli za jua juu ya paa la jengo la utawala. Paneli hazina ubaya. Ubaya uko ndani, kwenye ukurasa wa hesabu. Ama hesabu haipo, ama imenakiliwa kutoka chuo cha nchi ya baridi, ambako moshi mwingi wa chuo unatokana na kupasha majengo joto.

Tuchukue Middlebury, chuo cha Vermont, Marekani. Kilitangaza mwaka 2016 kwamba kimefikia usawa wa hewa ukaa. Hatua yake kubwa ilikuwa mtambo wa kuchoma vipande vya mbao, uliofunguliwa mwaka 2009, ili kupunguza mafuta mazito yaliyokuwa yakipasha mabomba ya majengo. Sehemu iliyobaki walifidia kwa msitu waliouhifadhi. Mpango ule unaeleweka kwa sababu walianza na kile kilichokuwa kikiwachafua. Sisi hatupashi majengo joto. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, lakini mwanafunzi anavaa tu koti.

Basi tuulize yetu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaofika huku ni wa maji kwa sehemu kubwa: Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu 1930, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba tangu miaka ya 1950, na laini kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, iliyowashwa mwaka 1982. Umeme mwingine hununuliwa nje kupitia Zambia, na sehemu yake inaweza kuwa ya makaa ya mawe, kwa hiyo usiandike sifuri kamili. Hata hivyo, kilowati-saa ya SNEL ina hewa ukaa kidogo sana. Paneli ikichukua nafasi yake, utaokoa karibu bure. Paneli hiyohiyo ikichukua nafasi ya jenereta, utaokoa karibu kilo nzima ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa. Mpango usiotenganisha saa za SNEL na saa za delestaje (umeme unapokatwa kwa zamu) haujaanza.

Kutenganisha si kazi ngumu. Kila jenereta iwe na mita ya saa na mita ya kilowati-saa upande wa kutokea umeme, na daftari la mazuti (dizeli) lisainiwe na watu wawili: anayepokea na anayejaza. Lita moja ya mazuti ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa. Jenereta ya kVA 100 (kipimo cha uwezo wake) ikibeba nusu ya mzigo hunywa kama lita 12 kwa saa. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, siku 300, ni lita 21,600, sawa na tani 58. Kisha gawanya lita kwa kilowati-saa. Mashine iliyobebeshwa vizuri inakaa karibu 0.3. Ukiona imepita 0.45, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: ama mashine ni kubwa kuliko mzigo, ama mazuti yanaibwa kwa bidoni. Yote mawili tunayajua hapa, na la pili halitatibiwa na semina ya mazingira.

La kwanza lina dawa. Jenereta inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha: mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye injekta, na bomba la moshi linaanza kuchuruzika uchafu mweusi. Chuo kinanunua jenereta moja kubwa kwa ajili ya siku ya kolasio (mahafali), halafu mwaka mzima inawasha taa na kompyuta tatu. Afadhali mbili, ya kVA 30 kwa usiku na ya kVA 100 kwa mchana.

Lakini mazuti ni madogo. Kikubwa kimejificha mahali ambapo komite ya usimamizi haiweki mguu: kwenye homu (mabweni) za wanafunzi, saa kumi na mbili jioni, delestaje inapoanza na mbabula, majiko ya makala (mkaa), zinawashwa kwenye varanda. Chukua mfano wa wanafunzi 2,000, kila mmoja akitumia gramu 300 za makala kwa siku, kwa siku 240 za masomo. Ni tani 144 za makala. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kama kilo 7 za kuni kutoa kilo 1 ya makala, hivyo msitu umetoa tani 1,000 za kuni. Kuni hizo zina hewa ukaa ya tani 1,500 hivi. Kwa kuwa miombo, misitu ya asili ya huku, huota tena, tuseme nusu tu ndiyo isiyorudi: tani 750. Hapo hatujahesabu methani, gesi joto kali kuliko hewa ukaa, inayotoka tanurini wakati kuni zinafukizwa. Linganisha na tani 58 za jenereta, halafu utuambie kwa nini jalada lina paneli.

Kuna watakaosema makala ni ya mwanafunzi, si ya chuo. Chuo ndicho kilichojenga chumba kisicho na jiko na kumlaza humo watu wanne. Isitoshe, nchi yetu, Kongo, iliahidi mwaka 2021 kupunguza gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030, nyingi kwa sharti la msaada wa nje, na sehemu kubwa ya gesi za nchi hii inatokana na misitu na ardhi. Chuo kinachoruka makala kinaruka somo lenyewe.

Kupiga marufuku resho (jiko la umeme) chumbani hakujafanya kazi popote, na sababu ni ya kifundi. Resho ya koili inakula wati 1,000 hadi 2,000. Umeme ukirudi jioni, vyumba 60 vikiwasha pamoja ni kilowati 60 hadi 120 kwenye nyaya zilizopimwa kwa taa na redio. Disjonkteri (swichi inayokata umeme ukizidi) inaruka, mtu anaifunga kwa kipande cha waya, kesho yake kebo inayeyuka ndani ya ukuta. Volti zikishuka, resho inachelewa, na kila mmoja anaiacha ikiwaka muda mrefu zaidi. Mwisho wake ni mbabula tena.

Tunachopendekeza ni chumba cha kupikia kwa kila ghorofa, chenye laini yake peke yake kutoka kwenye tablo kuu ya umeme: waya wa milimita mraba 4 kwa kila soketi mbili, disjonkteri ya ampea 20, kinga ya miliampea 30 dhidi ya mshtuko, na mita ya kulipia kabla. Ndani yake sufuria za presha za umeme, si resho. Maharagi yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa chini ya saa moja na kula karibu nusu kilowati-saa. Kwenye resho yanaweza kula mara tatu au nne ya hapo. Sombe (majani ya muhogo) vilevile. Bukari (ugali) haiwezekani kwenye sufuria hizo, maana inataka mwiko na nguvu ya mkono, kwa hiyo weka pia sahani moja au mbili bapa zenye sufuria nzito iliyofungwa chini isizunguke. Asiyejali bukari atashangaa kwa nini chumba chake kizuri kimebaki kitupu.

Kwa saa za delestaje, gesi ya mtungi ndiyo akiba. Si sifuri: kilo moja inatoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Lakini kilo hiyo inapika kazi ya kilo 4 hivi za makala. Biogesi kutoka vyoo vya homu inavutia kwenye karatasi; mtu mmoja anatoa kama lita 25 za gesi kwa siku, kwa hiyo watu 1,000 wanaweza kuokoa kilo 40 za makala kila siku. Mitambo hiyo inakufa kwa mambo madogo: maji yanakatika, javeli (dawa ya klorini) inamwagwa chooni na kuua bakteria, baridi ya mwezi wa saba inapunguza gesi, kifuniko kinapasuka. Kifuniko kilichopasuka kinavujisha methani, na hapo ni heri usingejenga.

Sola sasa. Iende kwenye mizigo inayowasha jenereta, yaani seva, friji za maabara na taa za maktaba. Hapa kilowati moja ya paneli hutoa kama kilowati-saa 4 kwa siku baada ya upotevu. Mzigo wa kilowati-saa 40 kwa siku unataka kilowati 12, ukiacha nafasi ya siku za mawingu. Kama nusu ya mzigo huo ni wa giza, betri za lithiamu za kilowati-saa 25 zinatosha. Za risasi utahitaji 40, kwa sababu haziruhusu kushushwa zaidi ya nusu. Paneli zitazame kaskazini (fundi anayenakili mchoro wa Ulaya atazigeuza kusini) kwa mwinamo wa digrii 12 hadi 15. Vumbi jekundu la kiangazi lioshwe kila wiki mbili, asubuhi mapema. Radi za masika hazisamehe, kwa hiyo kinga ya radi iwekwe pande zote mbili za inveta, na upinzani wa ardhi upimwe mwezi wa tisa udongo ukiwa mkavu. Ukipimwa mwezi wa pili utakuwa mzuri kwa udanganyifu.

Viyoyozi viangaliwe pia: kilo moja ya gesi R-410A inayoachwa hewani na fundi ina madhara ya zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, sawa na lita 780 za mazuti. Safari za ndege za walimu ziorodheshwe kutoka kwenye tiketi, na taxi-bus za kampasi ya Kasapa zihesabiwe kwa siku mbili langoni. Hayo yanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu miti, ambayo kila mtu anaipenda kwa sababu inapigwa picha vizuri: miombo inayoota upya inakusanya kama tani 2.5 za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka. Tani 58 za jenereta moja zinadai hekta 23. Tani 750 za makala zinadai 300. Na visiki vya miombo vinachipua vyenyewe, hivyo kulinda kunagharimu kidogo kuliko kupanda. Adui ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, unaoua machipukizi. Njia za kuzuia moto zifyekwe mwezi wa tano, na majani yachomwe kidogo kidogo yakiwa bado na unyevu.

Bajeti tungeipanga hivi: mwaka wa kwanza mizani ya kupima magunia ya makala (kuhesabu magunia hakusaidii, hayalingani), mita za jenereta, na chumba kimoja cha kupikia cha majaribio, mwaka wa pili vyumba vingine na sola ya maktaba. Miti ikae chini ya kitivo cha agronomia, na tani zake zisiingie kwenye hesabu ya chuo mpaka shamba limepita viangazi vitatu bila kuungua.