Siyo malaika, ni mtoto

Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila pale uliposema watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, "wana furaha muda wote" nimecheka sana. Njoo kwetu Mbagala alfajiri, ninapomwambia binti yangu avae sare ya shule. Atanuna, atakaa chini sakafuni, na daladala ya kwanza ndiyo imeshatupita.

Kinachotuchosha nyumbani si huzuni, ni muda. Misuli yake ilikuwa legevu tangu kuzaliwa, kwa hiyo kufunga vifungo, kushika kijiko, hata kutafuna nyama, vyote alifundishwa taratibu. Kupepeta mchele alifundishwa na bibi yake. Siku hizi ananishinda, na ukimwingilia anakufokea!

Makala haikugusa kabisa suala la moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengi pia masikio hujaa majimaji ndani wasisikie vizuri, halafu sisi tunasema mtoto mkaidi. Kama una kichanga mwenye hali hii, mwombe daktari kipimo cha moyo mapema hata kama ananyonya vizuri, na baadaye kipimo cha damu cha tezi ya shingo, ambayo mara nyingi huzembea.

Na nyie mnaoandika hapa kuhusu laana na mikosi ya mama: ni kromosomu ya 21, yaani kijiuzi cha urithi ndani ya seli, kuwa tatu badala ya mbili, basi. Shangazi mmoja aliniuliza nilikula nini nikiwa mjamzito. Nikamjibu, chipsi mayai.