Nyuzi 450 hazileti amonia nyingi

Sentensi moja kuhusu njia ya Haber, yaani utengenezaji wa amonia kiwandani, inaniudhi kila ninapoikuta kwenye daftari la mwanafunzi: "Joto hupandishwa hadi nyuzi 450 ili amonia ipatikane kwa wingi." Mara nyingi mstari wa juu yake umeeleza, kwa usahihi kabisa, kwamba mmenyuko huo hutoa joto. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, na anayeweka tiki kwenye yote mawili anamkosea mtoto.

Naitrojeni na haidrojeni zinapoungana kuwa amonia, hutoka kilojuli 92 kwa kila moli ya naitrojeni. Ukipandisha joto, msawazo (hali ambapo amonia inaundwa na kuvunjika kwa kasi ileile) unaelekea upande wa kuivunja amonia. Kwa mgandamizo wa angahewa 200, mchanganyiko ulioachwa ufikie msawazo kwenye nyuzi 200 huwa na amonia zaidi ya asilimia 80. Kwenye nyuzi 400 inabaki theluthi na ushee. Kwenye 500 haifiki hata moja ya tano.

Sasa kwa nini kiwanda kisikae kwenye nyuzi 200? Kwa sababu ya kungoja. Atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kwenye joto hilo, hata chuma kinachotumika kama kichocheo kikiwepo, zinaachana polepole mno. Nyuzi 450 ni mapatano: unakubali kupata amonia pungufu ili uipate upesi. Neno hilo, mapatano, ndilo ninalolitafuta kwenye jibu na silioni.

Chuma nacho kinasingiziwa. Kichocheo hakiongezi amonia hata chembe kwenye msawazo. Kinaharakisha kwenda na kinaharakisha kurudi kwa kiasi kilekile. Kinachosaidia ni kwamba bila chuma ungelazimika kupandisha joto zaidi, na hapo amonia ingezidi kupungua. Anayeeleza hivyo ameelewa. Anayeandika "kichocheo huongeza mavuno" hajaelewa, hata kama majibu yake mengine ni sahihi. Akumbuke pia kwamba gesi asilia inayotoa haidrojeni huondolewa salfa kabla ya kutumika, maana salfa hung'ang'ania uso wa chuma na kukifanya kisifanye kazi.

Mgandamizo wengi wanaupata, nakubali: molekuli 4 za gesi zinakuwa 2, kwa hiyo mgandamizo mkubwa huelekeza msawazo upande wa amonia. Wanachosahau ni unene wa chuma cha mtambo na nishati ya kuendesha pampu.

Halafu ile asilimia 15 ya gesi inayogeuka amonia kila inapopita mtamboni. Wanadhani 85 zilizobaki zinapotea! Mchanganyiko hupozwa, amonia hugeuka kimiminika, naitrojeni na haidrojeni hubaki gesi na kurudishwa kwenye mtambo. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilichoanza mwaka 1913, kilitegemea mzunguko huohuo.

Maabara nayo, tunapotengeneza fuwele za mbolea ya amonium salfeti, ina makosa yake. Chukua sentimita za ujazo 25 za mmumunyo wa amonia usio mkali, tia matone mawili ya kiashiria cha methili oranji, shusha asidi ya salfuriki kutoka kwenye bureti hadi njano igeuke rangi ya chungwa. Soma kipimo. Sasa mwaga! Fuwele zako zitakuwa na rangi ukiendelea na chombo hicho. Rudia kwa vipimo vilevile bila kiashiria. Usitumie kiashiria cha finoftalini: amonia ni besi dhaifu, kwa hiyo rangi ya waridi itapotea kabla asidi haijatosha. Ukivukiza, usikaushe kabisa. Chovya kijiti cha kioo, kitoe kipoe. Ukiona fuwele zinajitokeza juu yake, zima moto na uache bakuli lipoe taratibu. Anayeendelea kuchoma hadi pakauke atasikia harufu kali ya amonia, na hiyo ni mbolea yake inayovunjika na kwenda hewani.

Kwenye hesabu ya asilimia ya naitrojeni katika mbolea, amonium naitreti ina atomi mbili za naitrojeni, moja kwenye amonium na moja kwenye naitreti. Gawa 28, uzito wa atomi hizo mbili, kwa 80, uzito wa molekuli nzima, upate asilimia 35. Anayegawa 14 anapata 17.5 na kudhani mbolea nzuri ni dhaifu kuliko amonium salfeti yenye 21.

Na mfuko wa mbolea ulioandikwa 18-46-0 (naitrojeni, fosforasi, potasiamu) hauna fosforasi asilimia 46. Namba hiyo huhesabiwa kama P₂O₅, yaani oksidi ya fosforasi. Zidisha kwa 0.44, fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20.