Pua ya Tajiri, Mfuko wa Karani

Mimi ni karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, ninaishi Mbagala, ninagombania daladala asubuhi na jioni, na sijawahi kuwa mtu wa kutaka makuu. Ninachokitaka ni kunukia vizuri tangu saa kumi na mbili asubuhi ninapofunga mlango wa nyumba hadi angalau saa nne, bosi anapopita kukagua mafaili. Naona ombi hilo ni gumu kuliko la kupandishwa cheo, maana cheo hakidai uwe na laki tatu taslimu mkononi.

Ingieni kwenye maduka yenye kiyoyozi mkajionee wenyewe. Chupa ya marashi ya mililita 100, ambayo kilichomo hakijazi hata glasi moja ya chai ya kibandani, inauzwa kwa fedha ambayo mwenye nyumba wangu angeipokea kwa mikono miwili na kunipigia magoti. Na humo ndani sehemu kubwa ni alkoholi. Boksi lililoandikwa Eau de Cologne kwa kawaida lina mafuta ya manukato ya asilimia 2 hadi 5 hivi, lile la Eau de Toilette lina 5 hadi 15, na la Eau de Parfum lina 15 hadi 20, kwa hiyo ukitoa laki moja kununua la kwanza, zaidi ya elfu tisini zimelipia kitu kitakachoruka hewani kabla hujamaliza kufunga vifungo vya shati. Haya muuzaji hakwambii. Ukimuuliza tofauti ya boksi hili na lile, atakujibu kwa sauti ya kunong'ona kwamba lile ni la mabosi.

Basi mwenye mfuko kama wangu anateremkia Kariakoo, ambako marashi yamepangwa dirishani yakipigwa na jua kutwa nzima, ilhali jua na joto ndivyo vinavyoyaharibu upesi kuliko kitu kingine. Kabla hujasema unatafuta nini, kijana wa dukani amekwisha kukushika mkono. "Bosi wangu, nusa hii." Anapuliza kwenye kikaratasi. "Na hii, hii ni hatari." Anapuliza kwenye kiganja. Karatasi zikimwishia anahamia kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye kiwiko, na kama ungekuwa umevaa kaptura, sina shaka angefika gotini. Mwisho mkono wote umekuwa mkutano wa hadhara ambao kila mjumbe anazungumza bila kumsubiri mwenzake, na pua imegoma, haipambanui tena waridi na dawa ya mbu. Hapo ndipo anapokuletea kikopo cha punje za kahawa unuse, eti pua irudi kazini. Kahawa yenyewe ina harufu kali, sasa inamsaidiaje mtu aliyeelemewa na harufu? Afadhali unuse mkono wa shati lako mwenyewe, ambao pua imeuzoea, au utoke nje upunge hewa, ingawa katika Mtaa wa Msimbazi hewa ya kupunga nayo imechanganywa na mishikaki na moshi wa bodaboda.

Tuseme umeipata iliyokupendeza. Usifurahi bado. Ulichokipenda hapo kaunta ni utangulizi tu, kwa sababu limau, chungwa na jamaa zao ni mafuta mepesi ambayo huaga mapema, mara nyingi ndani ya robo saa au nusu saa. Nyuma yao hujitokeza maua na viungo. Na baada ya saa kadhaa hubaki wale wazito wasioondoka hadi shughuli iishe, yaani sandali, vanila, miski na ambari. Hao wa mwisho ndio utakaokaa nao ofisini kutwa, na dukani hamkuonana kabisa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hupuliza aina moja au mbili tu, moja kila mkono, akaenda zake kuhangaika na maisha, akainusa tena jioni, na kurudi kesho kama bado wanaelewana. Mweleze muuzaji mpango huo uone atakavyokunja uso. "Kaka, kwa hiyo umekuja kuoga bure?" Kisha anakufuata hadi kwenye kona akiteremsha bei hatua kwa hatua, mpaka unaanza kujiuliza ile bei ya kwanza aliitoa wapi.

Bado kuna ngozi. Mhasibu wetu amejaliwa ngozi ya mafuta, naye akijipulizia kidogo tu asubuhi, jioni bado unajua ni korido ipi amepita. Ngozi yangu mimi ni kavu, na ngozi kavu haishiki harufu. Nikijipaka marashi yaleyale, nikifika Mtoni Mtongani nimebaki na risiti. Nimeshauriwa nipake kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu mahali ninapopulizia, na ushauri huo kwa kweli unasaidia, ila nauleta hapa kama malalamiko, maana sasa bajeti ya kunukia imeongezewa kifungu cha mafuta. Wengine hupulizia nguo, kwa kuwa kitambaa hushika harufu muda mrefu kuliko ngozi. Shati langu jeupe la Jumatatu lilijaribiwa kwa njia hiyo na sasa lina ramani ya manjano upande wa kifua.

Hali ya hewa nayo haina huruma na mtu. Joto huivumisha harufu, na harufu nzito inayomstahi mtu katika chumba chenye kiyoyozi humgeuka ndani ya daladala mwezi wa Februari. Asubuhi moja nilipanda nimejipaka udi wa kisawasawa, ule wa kuwakumbusha watu harusi za pwani. Tulikuwa tumebanana, mikono iko juu tumeshikilia bomba, kwapa langu limekaribiana na uso wa mama mmoja mwenye ndoo ya samaki. Yule mama aliniangalia, akaiangalia ndoo yake, akaivutia kwake kama anayeikinga. Halafu akasema kwa heshima zote, "Baba, naomba unifungulie hilo dirisha." Samaki walikuwa wa jana yake, wasomaji wangu, na aliyeombewa dirisha ni mimi. Tangu hapo udi nimeuachia jioni, na mchana ninatafuta vitu vyepesi vya jamii ya ndimu na mrehani, ambavyo kama nilivyokwisha kulalamika hapo juu, havidumu.

Mtu asinifikirie kwamba ninaudharau udi. Udi unatokana na mti ambao hautoi utomvu wake wenye harufu mpaka ujeruhiwe na kushambuliwa na kuvu, na ndiyo maana vipande vizuri vinauzwa kwa gramu na muuzaji huviweka ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Ninaona uonevu katika jambo hili. Mti ukiugua, wafalme wanaugombania. Mimi nikiugua ninanuka dawa ya kuchua, na hakuna anayenipa hata kiti.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mali yenyewe inatoka hapahapa jirani. Karafuu ni za Unguja na Pemba. Langilangi inachumwa Komoro, moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta ya ua hilo, na mafuta hayo ndiyo yaliyotiwa katika Chanel No. 5 iliyotoka mwaka 1921 na ambayo hadi leo mimi huiona ikiwa nyuma ya kioo. Ua linatoka kisiwani asubuhi likiwa halina hata jina la ukoo, linakwenda Ufaransa, linarudi limefungwa utepe shingoni na halizungumzi tena na makarani. Bibi zetu hawakuingia katika mateso haya: walivaa kikuba cha asumini na mrehani, wakafukiza nguo juu ya chetezo, na harufu ilikaa kwenye kanga hadi siku ya kufuliwa. Ningefukiza suruali za kazini, lakini tunaishi nyumba ya kupanga, na moshi ukitoka dirishani majirani wanakuja na ndoo za maji.

Kimbilio la watu wa kima changu ni marashi ya kupima. Unamkuta muuzaji amezungukwa na chupa kubwa, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la marashi ya kitajiri lililoandikwa kwa kalamu na kukosewa herufi. Anachovya bomba la sindano, anavuta hadi kwenye mstari, anarudisha tone moja lililozidi (hilo ndilo linaloniuma), anakujazia kichupa chenye kigololi mdomoni, na kwa elfu chache umeondoka. Mafuta hayo hayana alkoholi, kwa hiyo yanadumu, na sina ugomvi nayo kwa hilo. Tatizo ni kwamba hayavumi; yanakaa karibu na ngozi, na ili mtu ayasikie ni lazima akukumbatie. Ofisini kwetu hakuna anayenikumbatia.

Pua ya mwenye marashi nayo ni msaliti. Baada ya dakika chache huzoea harufu uliyojipaka na kuacha kukupa taarifa, nawe ukidhani imeisha unaongeza, unaongeza tena, mpaka mhasibu anaanza kupiga chafya na katibu muhtasi anahamishia meza yake karibu na mlango. Ukimuuliza kama unanukia, anajibu, "Shikamoo." Hilo silo jibu la swali langu.

Mwishowe nikaamua: chupa ya mililita 30, Eau de Parfum, kutoka kiwanda cha Dubai kisichojulikana na mtu, nimeijaribu mkononi kutwa nzima, ngozi imeikubali na mfuko haukuzimia. Nikaificha kabatini nyuma ya blanketi, penye giza na ubaridi, kama inavyotakiwa. Mwezi haujaisha, imebaki upana wa kidole. Nilipouliza kwa upole, mke wangu hakuona la kuficha: "Baba Zuhura, si ile ninayopuliza sebuleni mama akija?" Ameisifu sana. Anasema mwezi ujao nichukue ile chupa kubwa, kwa sababu mapazia yameshaizoea.