Saruji Ndiyo Inayoua Nyumba za Mawe za Wazee Wetu

Ukuta wa nyumba ya babu unaotazama ziwa ulianguka usiku wa mvua, Aprili mwaka jana. Kulipokucha, kila aliyefika alitoa hukumu ileile: nyumba imezeeka, vunjeni yote mjenge ya tofali. Mimi nilikaa karibu na lile rundo nikaligusa jiwe moja baada ya jingine. Mawe yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni udongo uliokuwa kati yake, ambao ulikuwa umelowa mpaka ukawa kama uji. Juu ya rundo vililala vipande vipana vya plasta ya saruji, vikavu na vigumu, vingine vikubwa kama meza.

Plasta ile tuliipiga sisi wenyewe, miaka kumi na mbili iliyopita. Tulichangishana ukoo mzima, tukanunua saruji, tukasema tunamheshimu babu kwa kuikarabati nyumba yake. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka hamsini bila plasta haukumaliza miaka kumi na mbili ukiwa nayo.

Ndiyo maana naandika. Nyumba za mawe za wakulima kandokando ya Ziwa Victoria zinaanguka, na nyingi haziuawi na mvua wala uzee. Zinauawa na ukarabati unaofanywa kwa nia njema na watu wanaozipenda.

Babu alikuwa mkulima wa pamba upande wa Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Alizaliwa ndani ya msonge, nyumba ya mviringo ya miti na udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na kaya yao ilizungushiwa ua wa minyaa. Nyumba ya mawe yenye pembe nne si ya asili yetu Wasukuma, na sioni aibu kulisema hilo. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika kusini mwa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1870, Wajerumani wakafungua kituo chao Mwanza mwaka 1892, na wote walihitaji kuta nene. Mawe hayakuwa shida. Shida ilikuwa mikono ya kuyachonga, na mikono hiyo ilikuwa yetu. Fundi aliyemjengea babu alifundishwa na baba yake mzazi, na huyo baba aliujua ufundi akiwa kijana wa kubeba mawe ya kanisa. Kwa hiyo ukiniambia ile ni nyumba ya kizungu, nitakukatalia. Ramani ilitoka mbali, lakini jiwe, udongo, mbao na jasho ni vya hapahapa.

Pesa ilitoka kwenye pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Ila mkulima aliyefikisha mzigo wake kwa mnunuzi alikuwa anaibiwa kwenye mizani. Kero hiyo ndiyo mojawapo ya zilizowasukuma wakulima kuanzisha vyama vyao vya ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Babu alijenga mwaka 1957. Kwenye ghala lake la pamba, lililoshikana na nyumba upande wa nyuma, kuna boriti ya mninga na katikati ya boriti kuna ndoano ya chuma nene kama kidole gumba. Hapo alitundika mizani yake mwenyewe. Alipima kila gunia kabla halijatoka nyumbani, akaandika uzito ukutani kwa mkaa. Mimi nikiwa mtoto niliziona namba zile, safu kwa safu, mpaka juu nisikofika. Sasa ziko chini ya plasta.

Ufundi wenyewe unahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu asiyeujua ndiye anayeuharibu.

Mwamba wa granite haukatwi kwa nguvu tu. Unawashiwa moto juu yake kwa saa kadhaa. Ngozi ya juu ya mwamba inapata joto na kutanuka kuliko sehemu ya ndani, na mwisho wake inabanduka kama ganda, kwa mlio unaosikika mbali. Kisha inaingia kazi ya kabari, mtaimbo na nyundo kubwa, na baadaye fundi anakaa chini na tindo kuuchonga uso wa jiwe. Mpaka leo ukipita milimani Mwanza utaona moshi wa wanaochoma mawe na utasikia nyundo za akina mama wanaogonga kokoto.

Ukuta wa nyumba ya babu una unene wa futi moja na nusu, lakini si mawe yaliyopangwa mstari mmoja. Ni kuta mbili zinazopeana mgongo, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati yake pamejazwa mawe madogo na udongo wa kichuguu. Udongo wa kichuguu unachaguliwa kwa sababu una mfinyanzi mwingi na unashika vizuri. Kila baada ya hatua chache unalazwa jiwe refu linalovuka ukuta wote, ili zile kuta mbili zisiachane. Kwenye pembe yanawekwa makubwa kuliko yote. Upande wa nje, mafundi walijaza chokaa kwenye mianya kati ya jiwe na jiwe, wakaishia hapo. Hawakupiga plasta, na hawakuwa wavivu.

Granite hainywi maji, au inakunywa kidogo sana. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, na mvua inayopenya hapa na pale, hauna njia ya kutokea ndani ya jiwe. Unatokea kwenye mianya. Udongo unaupitisha na chokaa inaupitisha, jua likiwaka ukuta unakauka. Ukuta wa aina hii unapumua kwa mianya yake. Saruji inaiziba. Tena saruji ni ngumu, haikubali kucheza pamoja na ukuta wa udongo ambao hujongea kidogo kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo lazima ipate nyufa nyembamba. Maji yanaingia kwa ufa yasipate pa kutokea. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tano ukuta unafanya tumbo. Sisi tuliliona lile tumbo, tukaongeza saruji.

Fundi mzee tuliyemwita baada ya ukuta kuanguka aliokota kipande cha plasta, akakigeuza, akanionyesha upande wa ndani. Ulikuwa bado na unyevunyevu, wiki mbili tangu mvua ikatike.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "mlimvika mzee koti la mvua mkamfungia jasho ndani."

Sikuwa na la kujibu.

Najua hoja za upande wa pili na sitaki kuzikwepa. Nyumba hizi zina giza, madirisha ni madogo, na kijana anayetaka dari la jipsamu na bati la msauzi haoni kwa nini aishi humo. Kuhusu giza ni kweli. Na kuna jambo zito kuliko giza: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa, watu wakafa na nyumba nyingi zikaporomoka. Ukuta mzito ulioshikwa kwa udongo haupendi kutikiswa. Lakini hapo napo plasta haisaidii. Kinachosaidia ni yale mawe marefu yanayovuka ukuta, pembe zilizofungwa sawasawa, na mkanda wa mbao au zege juu ya kuta zote unaozishika pamoja kabla ya kenchi. Hayo yanaweza kuongezwa kwenye nyumba ya zamani bila kuinyang'anya sura yake.

Wengine wanasema mafundi wa mawe wamekwisha. Si kweli hata kidogo. Tazama nyumba yoyote inayoanza kujengwa Mwanza, hasa zile za mlimani: kabla ya kozi ya kwanza ya tofali kuna msingi wa mawe, mara nyingi mrefu kuliko mtu kwa sababu ya mteremko. Fundi anayeujenga anatumia timazi, anachagua jiwe kwa jicho, analigeuza mara tatu mpaka likae. Ufundi upo, tena upo kila mtaa, ila tunaulipia chini ya sakafu tu, na juu ya ardhi tunaona haya kuuonyesha. Hilo linaniuma zaidi kuliko ukuta wetu. Jiji tunaloliita la miamba linaficha mawe yake chini na kupaka rangi tofali.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini sitegemei serikali ije kuhesabu maghala ya pamba ya wakulima wa Magu. Ulinzi wa nyumba kama hii uko kwa wenye nyumba. Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mlio na nyumba ya babu kijijini na mmeanza kuchangishana kwenye kundi la ukoo. Msinunue saruji kwanza. Angalieni paa, kwa sababu bati lililotoboka juu ya ukuta linaua haraka kuliko kitu kingine. Chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Mianya iliyofunguka ijazeni kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu, kwenye kivuli, na mmwagie maji taratibu kwa siku kadhaa, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa na haitaki kuharakishwa. Na kama plasta ya saruji imeshapigwa, ibandueni.

Sisi tumekubaliana hivyo, ingawa baba mdogo alichukua miezi mitatu kukubali. Mawe yote ya ukuta ulioanguka tumeyapanga uani kwa ukubwa, ya pembeni peke yake. Udongo wa kichuguu umeshaletwa na mkokoteni. Chokaa imelowekwa kwenye mapipa mawili tangu Mei, na fundi mzee anakuja Julai, ardhi ikishakauka, pamoja na wajukuu zake wawili anaowafundisha. Ataanza na ukuta wa ziwani. Ghala nimeomba nilibandue mwenyewe, kwa patasi ndogo, pale namba za babu zilipo.