Humboldt na yule mzee wa miaka 143

Alexander von Humboldt, yule mtafiti Mjerumani wa mazingira, kwa upande wa mimea mimi nampa saluti. Alizunguka Amerika ya tropiki toka 1799 mpaka 1804 na mwenzake Bonpland, na 1802 akapanda mlima Chimborazo wa Ecuador na barometa zake, vile vipimo vya kani ya hewa, anapima joto, anapima kimo, anaandika mmea gani unaishia wapi na upi unaanzia hapo. Sisi wa huku tunamwelewa haraka, panda nyanda za juu za Rondo kutokea Lindi mjini uone baridi na miti inavyobadilika.

Sasa njoo kwenye umri wa watu. Humboldt anaandika kwamba yeye akiwa Lima, Peru, kijiji cha Chiguata karibu na mji wa Arequipa, hukohuko Peru, alifariki mzee Hilario Pari, miaka 143, ndoa miaka 90, mke alifika 117, na akiwa na 130 bado anatembea masafa kila siku. Humboldt mwenyewe Arequipa hakufika! Na mpaka leo rekodi iliyothibitishwa ya mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote ni ya Jeanne Calment wa Ufaransa, 122, alifariki 1997.

Kumtetea kidogo, enzi zile Wazungu kibao walikuwa wanasema watu wa tropiki ni dhaifu, yeye akawapinga, hapo alikuwa sawa kabisa. Ila hoja nzuri haimwongezei mtu miaka. Mtafiti Saul Newman alikuta kule Marekani kila jimbo lilipoanza kuandikisha vizazi vizuri, wazee wa 110 na kuendelea wakapungua ghafla.

Lakini pia kuwafanya wazee wote waongo siafiki. Mzee wa Nachingwea akisema kazaliwa Majimaji, yaani 1905 hadi 1907, karani mvivu anaandika tu tarehe 1 Januari kazi imeisha, mjanja anamuuliza, babu, mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanza 1947 ulikuwa na watoto? Akijibu aa, nilikuwa kijana tu nang'oa visiki, basi huyo ana tisini na kitu, na bado ni umri mkubwa sana. Hilario naye angeulizwa tetemeko la Lima la 1746 lilimkuta na wajukuu wangapi, maana kwa hesabu ya 143 alitakiwa awe na 87.